Wiki Sita za Kutulia

Jumanne ile Fanuel alikuwa anakatakata mgomba wa kumlisha ng'ombe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mke wake alipotoka kaburini na kuuliza kadi yake ya hospitali iko wapi.

"Iko kwenye Biblia," Fanuel alisema. "Pale pale ulipoiweka."

"Umeitoa kuifanyia nini?"

"Sijaitoa, Mama Calvin. Nimesema iko pale pale."

Elifuraha alijipangusa udongo magotini akaingia ndani. Kaburi lake lilikuwa hatua ishirini tu kutoka zizini, katikati ya migomba na mibuni, na lilikuwa halijajengewa kwa sababu udongo ulikuwa bado haujashuka vizuri. Juu yake palikuwa na mashada ya waridi kutoka mashamba ya maua ya Usa River, yale maua ambayo Wazungu wanayakataa kwa kuwa shingo zimepinda. Wakati wa kutoka aliyasogeza pembeni moja moja, kama mtu anayeamka bila kutaka kuvuruga shuka. Alikuwa na wiki tatu pale chini. Kadi ilisema upasuaji ni Jumanne hii, saa mbili asubuhi, na mgonjwa asile chochote kuanzia jana yake jioni.

"Sijala," alisema akiwa mlangoni, kadi mkononi. "Wasije wakasema nimekula."

"Najua hujala. Vaa sweta, kuna ukungu."

Fanuel alinawa mikono, akamwomba jirani yake Yiamat amkamulie ng'ombe. Yiamat alisimama kwenye ua, akamsalimia marehemu, akamuuliza kama wanashuka mjini. Elifuraha akasema ndiyo, leo ndiyo tarehe yake.

"Afadhali, shemeji," Yiamat alisema. "Maana hata sisi hatulali."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu wamzike, kila jioni wakati wa kukamua, mawe yaliyokuwa tumboni mwake yalisikika yakigongana chini ya udongo, kama buni kavu ndani ya kibuyu. Alikuwa anajigeuza. Mwenye mawe kwenye nyongo hawezi kulalia ubavu wa kulia, na Elifuraha kwa miaka thelathini na minne alikuwa hajui kulala upande mwingine. Ng'ombe alikuwa akisikia ule mgongano anabana maziwa. Fanuel alishakaa pale kwenye ukingo wa kaburi jioni nyingi akisema, vumilia mama, tarehe imekaribia. Kisha akaacha kuyasema, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameshamwambia akiwa hai, na aliona yalikomfikisha.

Mambo yalianza mwezi wa kumi na moja, siku ya kipaimara cha mjukuu wao Princess. Elifuraha alikunywa supu ya mbuzi yenye mafuta yake, na kabla watu hawajamaliza kupiga picha maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia, yakapenya mpaka nyuma ya bega. Alitapika kijani. Kesho yake wakampeleka mjini, hospitali kubwa, wakampiga picha ya tumbo, wakaona mawe.

Daktari aliyewapokea alikuwa binti mdogo, jina lake Catherine. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Fanuel hakuliona tena kwa daktari yeyote.

"Baba, hiki kifuko cha nyongo kitolewe kesho au keshokutwa," alisema. "Ndiyo kwanza kimevimba, nyama bado laini, zinaachana. Tukichelewa zitashikana kama ugali uliolala kwenye sufuria."

"Ni kama kahawa," Elifuraha alisema kutoka kitandani. "Unachuma asubuhi, unamenya siku hiyo hiyo. Ukiilaza inachacha."

"Hivyo hivyo, mama."

Alhamisi akaja daktari bingwa, mkubwa wa upasuaji, na wanafunzi wake nyuma kama vifaranga. Alisoma karatasi, hakumgusa mgonjwa. Akasema hapa kuna utaratibu. Uvimbe utulie kwanza. Wiki sita. Homa ishuke, maumivu yaishe, presha ikae sawa, ndipo waingie. Binti Catherine akasema kitu kwa Kiingereza. Bingwa akamjibu kwa Kiingereza, jibu refu, na binti akabaki anatazama viatu vyake. Fanuel aliishia darasa la nne, Kiingereza hakijui. Lakini viatu vile alivielewa.

Wakamchoma sindano, wakamtundikia dripu tatu, na homa ikashuka. Elifuraha akarudi nyumbani mlimani kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo walipoharibu, na hapo Fanuel hamlaumu bingwa peke yake, ingawa anamlaumu sana. Kule kwao mtu akitoka hospitali kwa miguu yake lazima apite mbele ya kanisa na sadaka ya shukrani. Hakuna anayeuliza kama ugonjwa umetoka naye. Fanuel mwenyewe ndiye aliyekata mkungu wa ndizi, ndiye aliyemfunga mbuzi kamba. Mchungaji akasema Bwana amemponya mama yetu, kwaya ikasimama, na Elifuraha akacheza mbele ya madhabahu mikono juu, mawe yake yakigongana tumboni kwa kufuata wimbo. Waliokaa viti vya mbele walidhani kwaya imenunua kayamba jipya. Baada ya ibada mbuzi akanadiwa nje, kama kawaida, watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo wiki ya nne maumivu yaliporudi, Elifuraha aliziba mdomo kwa kanga.

"Nitasemaje, Baba Calvin? Kanisa zima limeshapiga makofi."

"Vumilia. Tarehe imekaribia."

Tarehe ya kwanza walifika wakakuta chumba cha upasuaji kinapakwa rangi, maana kulikuwa na mgeni rasmi anakuja kukagua, na mgeni rasmi hawezi kuonyeshwa ukuta wenye madoa. Wakaambiwa mwezi wa pili. Tarehe ya pili mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa ameitwa kwenye semina Dodoma, semina ya namna ya kupunguza foleni. Wakaambiwa mwishoni mwa mwezi wa tatu. Kufikia hapo macho ya Elifuraha yalikuwa ya njano kama ndizi za kuiva. Alifariki Jumamosi ya tarehe saba mwezi huo huo, kwenye benchi la mapokezi, akisubiri faili lake lipatikane. Faili lilipatikana Jumatatu.

Sasa walikuwa wamerudi kwenye benchi lile lile. Ilikuwa saa mbili kasoro. Elifuraha alikaa sehemu yake ile ile, akaweka kadi mapajani.

Pembeni yake alikaa binti wa miaka kama ishirini na mitano, amejikunja, jasho linamtiririka. Alikuwa na mama mkwe wake, mwanamke mnene mwenye kitenge cha akina mama wa kanisani. Binti aliitwa Hanna, fundi cherehani wa Levolosi, hapo hapo mjini. Tangu jana mchana alikuwa hawezi kunyooka.

"Chini ya mbavu, kulia?" Elifuraha alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na begani?"

"Na begani."

"Pole, mwanangu. Kaa hapa, uegemee ukuta." Elifuraha alisogea, na chembe za udongo zikadondoka sakafuni. Mama mkwe aliziona, akasogeza mkoba wake zisiuchafue.

Muuguzi wa mapokezi, mama wa Kirombo aitwaye Evaresta, aliita majina. Alipofika kwa Elifuraha akaikodolea macho kompyuta.

"Mama, hapa umeandikwa umefariki."

"Ndiyo, dada. Tarehe saba."

"Pole sana. Cheti kipo?"

Fanuel akakitoa kwenye mfuko wa koti. Evaresta akakitoboa, akakifunga ndani ya faili, akagonga muhuri.

"Basi hakuna shida. Kifo hakifuti tarehe. Kinachofuta tarehe ni kuchelewa, na ninyi mmewahi." Akamwekea kipimajoto kwapani, akasubiri, akasoma, akaandika. "Homa huna kabisa. Presha…" Akapampu, akasikiliza, akapampu tena. "Haipandi. Maumivu?"

"Hayapo. Ila mawe yananisumbua nikilala."

"Umekula lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya tarehe saba."

"Hongera, mama. Wengine tunawaambia wasile, wanakuja wananuka chapati."

Saa tatu bingwa akapita na vifaranga vyake. Catherine alikuwa miongoni mwao, nyuma kabisa. Bingwa akasoma faili la Elifuraha ukurasa kwa ukurasa, na uso wake ukafunguka. Miaka kumi na miwili ya kazi, alisema, alikuwa hajawahi kupata mgonjwa aliyetulia namna hii.

"Mnaona?" aliwaambia wanafunzi. "Homa hakuna. Maumivu hakuna. Hivi ndivyo mgonjwa anavyotakiwa aje. Akiheshimu muda, mwili unajitengeneza."

Wanafunzi wakaandika.

Kisha akamgeukia Hanna. Hakumgusa. Akamwangalia alivyojikunja, akaangalia karatasi ya homa, akasema huyu achomwe sindano, apewe dripu, akitulia aende nyumbani. Arudi baada ya wiki sita. Evaresta akafungua kitabu cha tarehe, akasoma kwa sauti: Jumanne, tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, saa mbili asubuhi, usile kitu. Catherine akafungua mdomo. Akaufunga. Fanuel akatazama viatu vya binti, na kweli, binti mwenyewe alikuwa anavitazama.

Elifuraha akasimama.

"Daktari, mpe huyu zamu yangu. Mimi sina haraka tena."

"Mama, ni moyo mzuri," bingwa alisema kwa upole. "Lakini hapa hatuangalii haraka. Yeye ana homa. Wewe huna."

"Huyu yuko hai!" Fanuel alisema, na benchi zima likageuka, si kwa neno, ila kwa sauti aliyoitumia mbele ya mkubwa.

"Ndiyo maana ana homa, mzee."

"Mke wangu naye alikuwa hai. Mlimwambia maneno haya haya, kwenye korido hii hii."

"Na wewe mwenyewe umeona faida yake," bingwa alisema, akaonyesha faili. "Leo anaingia."

Akaondoka, na vifaranga nyuma. Fanuel alibaki na ngumi mfukoni, na ndani ya ngumi kulikuwa na funguo za zizi. Wakubwa wana saa zao, na saa ya mkubwa haipitwi. Wewe ndiye unayepitwa.

Elifuraha akainama kwa Hanna, akamshika mkono. Hanna alishtuka kidogo kwa ubaridi, kisha akaukamata ule mkono akauweka kwenye paji la uso wake, maana ulimpa nafuu.

"Mwanangu, nisikilize. Watakuchoma sindano, maumivu yatanyamaza. Yamenyamaza tu, hayajaondoka. Yakirudi, usingoje tarehe. Rudi siku hiyo hiyo, ulale hapa mlangoni, upige kelele. Na msitoe shukrani bado."

Mama mkwe alijisikia vibaya. "Mama, tumeambiwa tushukuru kwa kila jambo."

"Tumeambiwa," Elifuraha alisema. "Lakini hatukuambiwa Jumapili ipi."

Wakamwingiza saa nne. Mtaalamu wa usingizi hakuwepo, alikuwa kwenye semina ya kutathmini ile semina, na hilo safari hii halikuzuia kitu. Elifuraha alilala macho wazi, akawa anawauliza kama mvua za masika zimeshika na huku mjini. Kazi ilichukua saa mbili na nusu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeshikana. Catherine, aliyekuwa ameshika taa, alisema, "Zimeshikana kweli." Bingwa alikata na kuvuta kwa subira, akatoa mawe kumi na moja, akashona vizuri sana, mshono mwembamba kama wa shati la dukani. Fanuel akakabidhiwa mawe kwenye chupa yenye mfuniko. Mgonjwa akaambiwa asinyanyue ndoo kwa wiki sita na apunguze mafuta.

Walifika nyumbani kabla jua halijazama. Elifuraha alipita zizini akamtazama ng'ombe, akamkwaruza shingo. Alikuwa anatembea kwa kunyooka, kama zamani akitoka kuchota maji.

"Yule mbuzi," alisema. "Tungemchinja tu tukamla."

"Mimi ndiye niliyemfunga kamba."

"Na mimi ndiye niliyecheza." Akavua sweta, akalikunja, akampa. "Hili usiligawe. Jumapili utasikia baridi kanisani."

Kisha akashuka, akalala ubavu wa kulia. Fanuel akarudisha udongo kwa jembe, taratibu, na juu akapanga mashada kama alivyoyakuta. Alisubiri. Jioni ile hakuna kilichogongana. Ng'ombe akashusha lita saba. Yiamat alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua kwamba Mungu ni mkubwa, na Fanuel akachukua ndoo ya maziwa akaingia ndani.

Wiki ya pili Fanuel alivaa koti akashuka Levolosi, akamuulizia fundi cherehani anayeitwa Hanna. Alimkuta barazani, anashona sare za shule, uso umerudi rangi. Mama mkwe ndiye aliyempokea, na safari hii alikuwa na furaha tele.

"Karibu baba, karibu chai! Kapona kabisa huyu. Jumapili tunamshukuru Mungu, na wewe uje."

"Mama, naomba msifanye hivyo," Fanuel alisema. "Mpelekeni sehemu nyingine. Kokote. Wamtoe mawe sasa."

"Baba, tarehe anayo. Tuwe na imani."

Hanna aliinua macho kutoka kwenye sindano, akamtazama mama mkwe, akamtazama Fanuel. "Siumwi, baba," alisema. "Kweli siumwi." Aliposogeza kiti, Fanuel alisikia kitu kikigongana, lakini ilikuwa nyumba yenye cherehani tatu, na kila mtu akadhani ni cherehani. Alikunywa chai, kwa sababu ameshapewa. Alirudi mlimani.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa tano, Jumanne, Fanuel alichukua ile chupa ya mawe akashuka tena mjini. Alikuwa amepanga kuiweka mezani kwa bingwa, mbele ya wanafunzi, na kumwambia maneno ambayo alikuwa ameyachagua wiki nzima akikata majani ya ng'ombe. Bingwa hakuwepo ofisini. Ukutani mapokezi palikuwa na cheti kipya chenye fremu. Fanuel alikisoma polepole, herufi kwa herufi. Kilisema kwamba tangu utaratibu uanze kufuatwa kikamilifu, hakuna mgonjwa wa nyongo aliyepata homa baada ya upasuaji.

Benchi lilikuwa limejaa. Watu saba walikaa kimya, wamenyooka, kadi mapajani, na miguuni mwa kila mmoja palikuwa na udongo: mweusi wa Meru, wa kijivu wa kule chini kwenye mashamba, na wa mwisho kabisa ulikuwa mwekundu.

"Shikamoo, baba," alisema yule wa mwisho.

"Marahaba, Hanna." Fanuel alikaa pembeni yake. "Wamekupeleka wapi?"

"Machame. Kwa kina mume wangu. Nimeondoka alfajiri nisichelewe."

"Lini?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita. Yalirudi, nikamwambia mama, akasema tarehe imekaribia." Alikunja kadi, akaikunjua. "Tulishukuru ile Jumapili. Ilikuwa nzuri. Watu walipiga makofi sana."

Fanuel aliinuka. Alimpelekea Evaresta ile chupa, akaiweka mezani kwake, akasema mpe daktari wako, mwambie imetoka kwa Fanuel, mume wa Elifuraha. Evaresta akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akaipima uzito kiganjani. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa mlimani ulikuwa unapeperusha karatasi za tarehe. Akaiweka juu ya karatasi hizo. Zikatulia.

Mlangoni aliingia mwanamume mmoja anaburuzwa na ndugu zake, mkono ameubana chini ya mbavu za kulia, analia kama mtoto. Evaresta akampima homa, akatikisa kichwa, akaisogeza ile chupa, akachomoa karatasi moja, akaanza kumwandikia.

Kisha akaita, "Hanna!"

Hanna akainuka, na mawe yakagongana. Aliomba radhi kwa kelele hiyo. Evaresta akamwambia aingie tu taratibu, hakuna haraka.